BOV yapuliza nje na gari yakusumbua? Angalia kwanza tatizo latokea wakati gani

Vijana wengi hapa Malindi wenye Forester za turbo na Impreza WRX wanaitaka ile sauti ya pshhh ukibadilisha gia, na sauti yenyewe ni tamu kweli, sikatai. Lakini muda si mrefu baada ya kufunga ile valvu ya kupuliza nje, ile watu wanaita BOV, unaanza kusikia malalamiko, gari inazima kwenye matuta, gari inapiga risasi kwa ekzosi, petroli inaisha haraka, taa ya injini imewaka. Halafu mtu anakimbilia kubadilisha plagi, koili, mpaka pampu ya mafuta, pesa inaisha na tatizo liko palepale. Yaniuma kuona hivo manake hii kitu inafuatika, kila dalili ina mahali inatoka, ila lazima ujiulize swali moja kabla hujashika spana: tatizo latokea gari ikiwa imesimama inanguruma tu, latokea ukiwa umekanyaga, ama latokea pale tu unapoachilia mafuta? Hizo ni sehemu 3 tofauti na kila moja ina sababu zake.

Hewa yapita wapi

Moshi wa ekzosi wazungusha turbo, turbo inavuta hewa kupitia filta, inaishindilia, hewa inapita kwenye intakula ipoe, halafu throtoli (kile kilango cha hewa kinachofunguliwa na pedali ya mafuta), halafu manifodi (paipu zinazogawa hewa kwa silinda), ndo iingie injini. Ukikanyaga yote yaenda vizuri. Ukiachilia mafuta ubadili gia, throtoli inafunga ghafla na ile hewa iliyoshindiliwa haina pa kwenda, inarudi nyuma ikapige feni ya turbo ambayo bado inazunguka kwa kasi. Valvu ipo kwa sababu ya hapo tu. Kuna mpira mwembamba unatoka manifodi mpaka kichwani kwa valvu, throtoli ikifunga manifodi inakuwa na vakyumu, yaani inavuta, vakyumu inanyanyua pistoni ama diaframu, valvu inafunguka na hewa inatoka.

Sasa kiwandani hiyo hewa haiachwi iende, inarudishwa na hosi mpaka kwa paipu ya kuingilia turbo, kati ya turbo na ile sensa ya kupima hewa inayoitwa MAF. Ukifunga BOV ya kupuliza nje hiyo hewa inapotea hewani, na hapa ndo shida yote inazaliwa kwa gari zenye MAF. MAF inakaa karibu na boksi la filta, inapima hewa inayoingia na kompyuta inapiga hesabu ya petroli kwa kipimo hicho, kwa kawaida kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Ni kama mpishi wa harusi aliyeambiwa wageni mia wameingia, akapika pilau ya mia, kumbe arubaini wametokea mlango wa nyuma. Petroli imeshamwagwa ya hewa ambayo haipo.

Gari zinazotumia MAP hazina hiyo shida, manake MAP inasoma presha ndani ya manifodi yenyewe, ulichopuliza nje kabla ya hapo haikukihesabu. Caldina ya turbo ya ST215 yenye injini ya 3S-GTE ni mfano, hiyo puliza tu ilimradi valvu ni nzima. Lakini Forester SG na SH za turbo, WRX za EJ20 zile GDA, Evo, Golf GTI Mk5, zote hizo zinapima hewa mlangoni. Kama hujui yako ni ipi fungua boneti ufuate paipu inayotoka boksi la filta, ukiona sensa imefungwa hapo na skrubu mbili na ina waya kadhaa (za Subaru huwa 5) hiyo ndo MAF. Ukiona kitu kidogo cha waya 2 tu hiyo ni sensa ya joto la hewa, usichanganye.

Inazima ukifika kwenye tuta

Hii ndo dalili namba moja na wengi ndo inawaleta gereji. Umetoka Msabaha umekanyaga vizuri, unaona tuta la Gede, unaachilia mafuta, unakanyaga klachi, rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) inashuka badala ya kutulia kwa 700 ama 800 inapitiliza chini na injini inakata. Ukiiwasha yaweza kukataa mara ya kwanza halafu inashika na harufu kali ya petroli.

Kilichotokea ni kwamba ulipoachilia BOV ilipuliza hewa iliyokuwa imeshahesabiwa, petroli ikawa nyingi kuliko hewa, na kwa vile rpm ilikuwa inashuka injini haikuwa na nguvu ya kuchoma ule mchanganyiko mzito. Ukiwa kwenye gia injini inabebwa na magurudumu husikii kitu, ndo maana inakuwa klachi ikikanyagwa tu ama kwa gari ya automatiki ukisimama ghafla.

Namna ya kuhakikisha: tafuta barabara tupu, panda nayo mpaka turbo iingie, halafu uachilie mafuta ghafla na klachi pamoja. Imezima ama imetetemeka? Sasa rudia lakini safari hii achilia mafuta taratibu, acha busti, yaani presha ya turbo, ishuke yenyewe ndo ukanyage klachi. Ikiwa ya pili haizimi basi ni BOV hiyo, usitafute mbali. Ikiwa inazima hata ukienda mdogomdogo mjini pale Lamu Road bila turbo kuingia kabisa, basi usiilaumu BOV, fungua throtoli uisafishe na uangalie valvu ya aidoli (ile inayoshika mngurumo gari ikiwa imesimama), huwa zinajaa masizi nyeusi.

Dawa yake ya kweli kwa gari yenye MAF ni kurudisha hewa ndani. Najua si jibu watu wanataka kusikia. Kuna valvu za njia mbili zinazorudisha sehemu na kupuliza sehemu, hizo zinapunguza tatizo na zinakuachia sauti kidogo, kwa gari ambayo busti yake ni ya kiwandani huwa inavumilika lakini haliishi. Njia nyingine ni kutyuni kompyuta isome kwa MAP badala ya MAF, hiyo inafanya kazi vizuri kabisa ila yataka mtu anayejua kazi yake na mashine ya kupima mchanganyiko, sio wa kubahatisha, manake akikosea upande wa petroli kuwa chache ukiwa kwenye busti pistoni zinayeyuka. Kukaza springi ya BOV ili isifunguke sana si dawa, umehamisha tatizo kutoka kwa petroli umelipeleka kwa turbo.

Risasi na moshi mweusi

Hapa angalia sana wakati. Moshi mweusi unaotoka pufu moja unapobadilisha gia na kishindo kidogo kwenye ekzosi ni ileile hadithi ya juu, petroli isiyochomeka imeenda ikawakia kwa paipu. Wengine wanaipenda hiyo milio lakini petroli hiyo inachomekea ndani ya katalitiki, kile kisafisha moshi cha ekzosi, inaipasha joto mpaka inayeyuka ndani, na siku moja gari inakosa pumzi kabisa manake ekzosi imezibwa na vipande. Skana ikikuonyesha P0420 (kodi ya katalitiki kushindwa kazi) baada ya miezi ya kupuliza nje, mimi ningeanza kufikiria hapo. Toa plagi uziangalie, zikiwa nyeusi kavu kama masizi ya jiko gari inakula petroli nyingi, zikiwa nyeusi na mafuta ya oili hiyo ni kesi nyingine.

Lakini moshi mweusi unaoendelea mguu ukiwa bado chini, gari nzito na haivuti, huo sio wa kupuliza. Hiyo ni hewa inavuja wakati wa busti, imeshapimwa na MAF halafu inatorokea mahali kabla ya kufika injini. Na kwa mtu aliyetoka kufunga BOV mahali pa kwanza pa kuangalia ni BOV yenyewe, gasketi yake kwenye intakula na ule mpira mwembamba wa kichwani.

Ule mpira wengi wanauona wa kufungulia tu. Sivyo. Ukiwa kwenye busti ndo unapeleka presha juu ya pistoni ili isaidie springi kuizuia valvu isifunguke. Ukichomoka ama ukipasuka, presha iko chini peke yake, inaisukuma springi na valvu inafunguka mguu ukiwa chini, gari inapiga kelele inavuja na nguvu hakuna. Uangalie mpira wote kwa kuukunja na vidole, joto la huku kwetu linaupasua pale unapokaa kwenye nipo (kimdomo unapochomekwa) kwanza. Na uwe na njia yake peke yake kutoka manifodi, sio umeunganishwa na wa geji ya busti na wa regyuleta ya petroli vyote kwa kimpira kimoja, valvu inachelewa kufunguka na unapata matatizo yasiyoeleweka.

Aidoli inapanda inashuka, inapanda inashuka

Hii ni kinyume cha zile za juu na hapa ndo mafundi wengi wanapotea, manake wameshasikia BOV inafanya petroli iwe nyingi, kumbe hapa petroli ni chache. Gari imesimama inanguruma tu, kuna hewa inaingia ambayo MAF haikuiona. Skana yako ya Bluetooth itakuonyesha fyueli trimu (asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza ama kupunguza) imepanda juu, ikipita +10 ujue kuna kitu, na mara nyingi kodi ni P0171, yaani petroli chache.

Yaweza kuingilia mahali 3. Ya kwanza, na ndo mbaya kuliko zote, ni lile tundu la paipu ya kuingilia turbo ambapo hosi ya zamani ilikuwa inarudi. Ukitoa valvu ya kiwandani ukafunga ya kupuliza nje hilo tundu linabaki wazi na lazima lizibwe. Kuna watu wanaliziba na kitambaa na tepu. Tafadhali sana. Hiyo paipu turbo inaivuta kwa nguvu, kitambaa kikilegea kinaenda moja kwa moja kwa feni inayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na turbo yako imeisha siku hiyohiyo. Na kama liko wazi tu bila chochote basi injini inavuta hewa ambayo haijapita filta, ukienda njia za vumbi za ndani huko Marafa unakula mchanga, unakwaruza feni, unakwaruza silinda, na huwezi kuusikia mpaka gari ianze kula oili. Nunua kofia ya mpira mgumu ya saizi yake uifunge na jubilii klipu, ni shilingi kidogo sana ukilinganisha na turbo.

Ya pili ni springi laini. BOV nyingine springi yake ni nyepesi kiasi kwamba vakyumu ya aidoli peke yake inaifungua, na valvu ya kupuliza nje ikiwa wazi kwa aidoli inavuta hewa kutoka nje kwa tundu lake lenyewe, tena bila filta. Jaribu hivi: injini ikiwa moto na inanguruma tu, shika kipande cha karatasi mdomoni mwa BOV. Karatasi ikivutwa ikaganda, valvu iko wazi. Ikiwa ina skrubu ya kurekebisha kaza robo raundi, jaribu tena, mpaka karatasi isivutwe, hapo simama usiongeze. Ikiwa haina skrubu utahitaji springi ngumu zaidi. Valvu ya kiwandani inayorudisha ndani hata ikiwa wazi kwa aidoli haina neno, manake hewa yake yote imeshapita MAF, ndo maana huioni hii shida mpaka umefunga ya nje.

Ya tatu ni uvujaji kwa ule mpira mwembamba ama diaframu iliyopasuka. Chomoa mpira kwenye nipo ya manifodi uizibe nipo na kidole gari ikiwa imewaka, aidoli ikitulia umepata mchawi.

Tutututututu

Ukiachilia mafuta badala ya pshhh unasikia mlio wa kukatakata kama njiwa anaruka, valvu haifunguki ama inachelewa, hewa inarudi kwa feni. Ukiusikia kidogo tu ukiwa umekanyaga nusu na busti ni ndogo, usikose usingizi, vakyumu haijatosha kufungua. Ukiusikia kila mara kwa busti kamili, springi imekazwa mno ama mpira umeziba ama pistoni imeganda, na hiyo irekebishe mapema manake mshafti na beringi za turbo zinapigwa kila ukibadili gia.

Hapa kwetu kuganda kwa pistoni ni jambo la kawaida kuliko wanavyosema watu wa Nairobi. Gari inalala mita chache kutoka baharini Casuarina, ama inafanya kazi upande wa mashamba ya chumvi Gongoni, ama mwenyewe ni wa Lamu anaiacha Mokowe karibu na jeti anavuka na boti, anarudi baada ya siku nyingi. Hewa ya chumvi inaingia kwa tundu la BOV, kwa valvu ya aluminiamu unaanza kuona unga mweupe, pistoni inakwaruza inakwama. Ifungue, isafishe na kabu klina (dawa ya kusafishia kabureta), pangusa ikauke kabisa, paka oili nyepesi kidogo sana, usipake grisi nzito manake inashika vumbi na inakuwa saruji. Ikiwa ni ya diaframu usiimwagie kabu klina wala petroli kwenye mpira wake, pangusa kwa kitambaa tu. Halafu ipime: fyonza hewa kupitia kimpira safi kwenye nipo ya juu, uzibe na ulimi, inatakiwa ishike. Ikiachia pole pole diaframu imetoboka, kwa pistoni kuvuja kidogo sana ni kawaida.

Nguvu imepungua na huoni chochote

Mashine ya kupima presha tengeneza mwenyewe. Chukua kofia ya PVC inayoenea mdomo wa hosi ya kuingilia turbo, itoboe, ingiza valvu ya tairi. Nenda kwa fundi wa pancha mwenye kompresa, toa hosi baada ya MAF, funga kofia yako na klipu, jaza taratibu mpaka psi 10, isizidi 15. Ziba na zile paipu za pumzi ya injini zinazorudi kwa paipu hiyo, la sivyo utasikia hewa kwenye kifuniko cha oili ufikiri injini imekufa. Nyunyiza maji ya sabuni kila kiungo. Kwa Subaru yenye intakula ya juu angalia zaidi ile mipira inayoiunganisha na turbo na throtoli, na gasketi ya BOV, ukikaza bolti moja sana na nyingine kidogo inakaa upande na inavuja. Simama mbali na mdomo wa hosi ukijaza, kofia ikiruka inaumiza.

Ukiona unyevu wa oili mdomoni mwa BOV usiogope, mvuke wa oili ya injini unapita njia hiyo siku zote. Ikidondoka na ekzosi inatoa moshi wa bluu, hapo turbo yenyewe ikaguliwe.

Na nyinyi wa dizeli

Madereva wa matatu za Hiace wananiuliza sana. Dizeli haibani hewa kwa throtoli kupunguza nguvu kama petroli, yapunguza dizeli tu, kwa hiyo ukiachilia mguu hewa inaendelea kupita na hakuna presha ya kurudi nyuma. Haihitaji BOV. Zile zinazouzwa za dizeli zinafunguliwa kwa umeme kutoka pedali ili zitoe sauti, injini haipati faida yoyote, na umeongeza mahali pa kuvujisha busti kwa gari inayolisha familia. Hiyo pesa weka filta mpya ya hewa.

Ukisharudisha hosi

Kwa aliyerudisha valvu ya kiwandani, usihukumu siku ya kwanza. Kompyuta imeshajifunza hesabu mbaya, futa kodi na skana ama toa terminali ya betri kwa dakika kadhaa, uiwashe uiache ingurume mpaka ipate joto bila kugusa mafuta. Kama plagi zilikuwa nyeusi weka nyingine ama zisafishwe vizuri, la sivyo itaendelea kukosa moto utafikiri hujafanya kitu. Halafu iendeshe safari ya maana, Malindi mpaka Kilifi na kurudi yatosha, mchanganyiko wa taratibu na kukanyaga, ukifika usome trimu tena. Ikikaa kati ya -5 na +5 kwa aidoli na kwa mwendo, na matuta yote imepita bila kuzima, funga boneti. Ikibaki juu kwa aidoli peke yake rudi kwa lile tundu na ile mipira, kuna mahali bado panavuta.